Mtambo Mzito

Lugha yetu hutumia neno moja kwa gunia lisilonyanyulika na kwa mtu asiyefika kwa wakati pale alipotumwa. Gunia ni zito, na mtu huyo ni mzito. Nimelifundisha neno hili darasani kwa miaka mingi, wala sikudhani kuwa siku moja lingeingia nyumbani kwangu na maana zake zote mbili kwa pamoja. Liliingia katika umbo la sanduku la mbao, refu kuliko mimi, ambalo watu wanne walihema kulipitisha mlangoni. Na lilipokwisha kuwekwa mahali pake na kutiwa umeme, lilikwenda mwendo wa mtu avukaye mto wenye maji ya kiuno.

Sanduku lenyewe ni mtambo wa michezo. Msomaji aliyekuwa mtoto mjini katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 huenda akaukumbuka: kioo cha televisheni kifuani, chini yake ubao wenye wenzo na vitufe, na chini zaidi tundu la kutumbukizia sarafu. Mombasa, katika ukumbi mmoja ambao sasa ni duka la vitambaa, palikuwa na mitambo mitatu ya namna hiyo, na mmoja wao ulikuwa na mchezo wa Street Fighter II, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991. Ni mchezo wa watu wawili wapiganao kwa ngumi na mateke juu ya kioo. Kaka yangu alisimama upande wa kushoto, mimi upande wa kulia, kwa sarafu zilizopatikana kwa njia ambazo si zote zingempendeza mama yetu. Alikuwa amenizidi miaka sita. Sikumbuki kumshinda pambano zima hata mara moja. Nakumbuka kwamba mara kwa mara nilishinda raundi ya kwanza, nikaruka kwa furaha, kisha yeye akachukua mbili zilizobaki. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba raundi zile za kwanza nilikuwa nikipewa.

Kaka alikua akawa mwendesha winchi bandarini. Kazi hiyo ni ya mikono miwili na macho, na watu waliofanya naye kazi walinisimulia kuwa aliweza kulishusha kontena juu ya lori kama mama amlazaye mtoto. Mwaka 2021 akapatwa na kiharusi. Mungu alimbakishia ulimi na akili, na miguu ikarudi baada ya miezi michache. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Tuliambiwa hospitali kwamba mkono huo utumiwe kila siku, na kwa ajili hiyo akapewa mpira mdogo wa kufinya. Aliufinya kwa majuma matatu, kisha akautupa uani, paka akauchukua. Alisema kuwa mtu aliyeshika winchi miaka ishirini hawezi kupewa kazi ya kufinya mpira. Sikuwa na jibu. Lakini usiku ule nilikumbuka kuwa katika mitambo ya michezo, mkono wa kushoto ndio unaoshika wenzo, na wa kulia hubonyeza vitufe. Hapo ndipo azma ya kuunda sanduku ilipozaliwa. Mapenzi ya mambo ya utotoni yalikuja baadaye, na sikatai kwamba yalikuja.

Sitamchosha msomaji kwa habari za useremala. Fundi alikata mbao kwa kipimo nilichompa, akaziunga vizuri mno, akaziziba kila upenyo, na mbele ya televisheni akatia fremu ya mbao nyeusi iliyofunika kingo zote za kioo kwa upana wa vidole viwili, ili isijulikane kuwa ndani mna televisheni ya kawaida. Nilimsifu kwa mambo hayo yote mawili, uzibaji na fremu. Sifa hizo nilikuja kuzijutia.

Jambo linalohitaji maelezo ni moyo wa sanduku. Mwaka 1997 Mwitaliano aitwaye Nicola Salmoria alitoa programu iitwayo MAME, ambayo kazi yake ni kuiga mitambo ya zamani ya michezo. Kuiga huku si kutunga mchezo mpya unaofanana na wa kale. Mchezo ni ule ule, amri zake zote zikiwa kama zilivyoandikwa katika vipande vya kumbukumbu vya mtambo wa asili. Kinachobuniwa ni mtambo. Programu hujifanya prosesa ya zamani, hujifanya kipande cha sauti, hujifanya kioo, na mchezo huendelea na shughuli zake bila ya kujua kuwa umehamishwa nyumba. Mtambo wa Street Fighter II ulikuwa na prosesa ya Motorola 68000, yenye mapigo milioni 10 kwa sekunde, na nyingine ndogo, Z80, iliyoshughulikia sauti. Kikompyuta nilichokitia mimi ni Raspberry Pi 3, cha mwaka 2016, ambacho hutosha katika kiganja cha mkono. Prosesa yake ina viini vinne, na mapigo yake hufika milioni 1,200 kwa sekunde. Mtu wa hesabu za haraka atagawanya namba moja kwa nyingine na kusema kazi hii ni mchezo wa mtoto. Nami nilisema hivyo. Lakini mwigaji hufanya kazi kubwa kuliko yule anayemwiga. Kila amri moja ya mtambo wa kale yampasa aisome, aifasiri, aitende kwa amri zake nyingi, na wakati huo huo azichunge saa za vipande vingine vyote zisiachane. Aliyewahi kufasiri hotuba papo hapo, msemaji akiwa hasubiri, anajua kuwa mfasiri huchoka kabla ya msemaji.

Tena mfasiri huyu ana muda maalumu. Mtambo wa asili ulionyesha picha karibu 60 kwa kila sekunde. Kama picha haikuwa tayari ndani ya sehemu moja ya 60 ya sekunde, basi dunia yote ya mchezo hungoja: ngumi hukawia hewani, saa ya pambano hukawia, na muziki, ambao ndio usio na uvumilivu kuliko vyote, hukatikakatika.

Usiku wa kwanza kaka alicheza pambano moja dhidi ya mtambo. Niliutazama mkono wake wa kushoto zaidi ya nilivyotazama kioo. Ulishika, uliteleza, ulishika tena. Alipomaliza aliuachia wenzo akasema, "Mdogo wangu, huu sio."

"Ndio huu huu, kaka."

"Sio. Sikiliza muziki. Unaburura miguu."

Nilikasirika kidogo, bila ya kuonyesha. Mimi ni mtu mwenye shahada ya udaktari, na watu wa shahada hiyo hatupendi kusahihishwa sebuleni mwetu, hasa katika jambo tusilolisomea. Nilingoja alale, kisha nikaamuru programu inionyeshe hesabu ya picha pembeni mwa kioo. Ilikuwa 43. Sikio lake lilikuwa sahihi, baada ya miaka karibu thelathini na ugonjwa mmoja katikati.

Nilianza na kadi ya kumbukumbu. Sababu ya kuanza nayo ni aibu kuitaja: ndiyo iliyopatikana dukani kwa urahisi. Aghalabu binadamu hulitafuta kosa mahali ambapo dawa yake inauzwa karibu. Nilinunua kadi ya bei kubwa iliyoandikwa maneno makubwa ya kasi, nikahamisha kila kitu, nikawasha. Ilikuwa 43 kama jana. Laiti ningefikiri kwanza, ningejua kwamba kadi huhusika na upesi wa kuufungua mchezo, si upesi wa kuuendesha. Street Fighter II yote ni megabaiti chache tu, nayo ikishaingia katika kumbukumbu ya kikompyuta, kadi haina la kufanya ila kulala.

Hatua ya pili ilikuwa na busara zaidi. Nilikuwa nimetia toleo jipya la MAME, kwa imani kwamba lililo jipya ni bora. Ni bora kweli, lakini si kwa haja yangu. Watengenezaji wa programu hiyo hujali usahihi kuliko kasi. Kila toleo husogea karibu zaidi na tabia za mtambo wa asili, na usahihi huo hulipiwa kwa nguvu za kompyuta. Kwa vikompyuta vidogo watu hutumia matoleo ya nyuma, ya mwaka 2003 au ya 2010. Nilichagua la 2010. Hata hapo nilijikwaa, maana faili za mchezo hazina budi kulingana na toleo la programu, kwa kuwa majina na mgawanyo wa vipande vyake hubadilika toleo kwa toleo, na usiku mzima ukapita nikitazama kioo cheusi. Zilipolingana, hesabu ilipanda hadi 52.

Kisha nikaondoa utaji. Televisheni za zamani zilikuwa na mistari myembamba ya giza iliyopita katikati ya picha, na ziko programu za kuirudisha mistari hiyo juu ya kioo cha kisasa. Nilikuwa nimetia ile iliyo nzuri na nzito kuliko zote, ambayo huuiga hata mpindo wa kioo. Niliibadilisha kwa nyepesi. Hesabu ikafika 60 na kutulia hapo. Nilimwita kaka na moyo mkunjufu. Alicheza robo saa, akitabasamu. Kisha muziki ukaanza kuburura miguu. Hakusema neno. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama nilipoanguka kwenye baiskeli aliyonifundishia.

Safari hii nilimshuku adui wa kweli wa nchi yetu. Ulikuwa mwezi wa Machi, wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha kufa na kusi bado haijavuma, na Mombasa hukaa kama chungu kilichofunikwa. Niliiuliza prosesa joto lake. Ikajibu digrii 83. Kikompyuta hiki kikifika digrii 80 huanza kujipunguza kasi kisije kikaungua, na hicho ndicho kilichokuwa kikitokea ndani ya sanduku ambalo seremala wangu hodari hakuliachia tundu hata la mchwa. Nilikata matundu chini na juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, nikagandisha kipande cha aluminiamu juu ya prosesa ili kivute joto, na nikatia feni ndogo. Joto likashuka hadi digrii 61. Nilijipongeza.

Mtambo ukawa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya feni.

Hapa nakiri kwamba nilifikia ukingo wa kukata tamaa. Kosa lililo daima mahali pamoja humheshimu anayelitafuta. Hili lilikuja na kuondoka. Mchezo ulikwenda vizuri kabisa wapiganaji wakiwa wamesimama, na uliposhika moto, wakati mkono wa mtu unapohitaji mtambo uwe mwaminifu, ndipo ulipozorota. Kaka alianza kupitisha jioni bila ya kukaribia sanduku. Hakulalamika. Alisema tu kwamba macho yamechoka. Mkono wa kushoto ulirudi kukaa mapajani, na mimi, niliyekuwa nimeanza kuhesabu siku alizoutumia, nikaanza kuhesabu siku ambazo hakuutumia. Zilifika kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili niliing'oa fremu ya mbao ili nifute vumbi lililoingia kwa matundu niliyoyakata mwenyewe. Nilikuwa nimeuacha mchezo unakwenda. Katika pembe ya juu ya kioo, upande wa kulia, mahali ambapo fremu ilipafunika tangu siku ya kwanza, palikuwa na alama ndogo ya manjano yenye umbo la radi. Ilitoweka. Wapiganaji walipokabana ikatokea tena, na muziki ukaburura miguu. Mashine ilikuwa imenipa onyo lile lile mamia ya mara, nami nilikuwa nimemlipa mtu aliweke pazia mbele yake.

Radi ile huonekana umeme unaoingia ukishuka chini ya volti 4.63, na kikompyuta kinapohisi hivyo hushusha mapigo yake kutoka milioni 1,200 hadi milioni 600 kwa sekunde. Ipo amri ya kukiuliza habari hizo, nacho hujibu kwa namba. Changu kilijibu 0x50005, ambayo tafsiri yake ni kwamba umeme ni pungufu sasa, mwendo umezuiwa sasa, na yote mawili yamekwisha kutokea tangu kiwashwe. Basi uzito niliouona kuwa ni uvivu ulikuwa ni njaa. Kilijipunguzia mwendo ili kisizimike.

Lakini chaja ilikuwa nzuri. Nilikwenda nayo kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa redio tangu zama za redio za mbao, nikamwambia nimeipima nayo yatoa volti 5.1 kamili.

"Umepima wapi, mwalimu?"

"Kwenye chaja yenyewe, mzee."

"Pima mwisho wa waya, usipime mwanzo."

Alikuja nyumbani na kipimo chake, akaomba kiti, akaomba maji, akaomba mchezo uwashwe na wapiganaji wapigane kwelikweli. Kisha akagusa mahali umeme unapoingilia katika kikompyuta. Kipimo kilisoma 4.58. Alinyanyua waya niliyoitumia, ya simu, yenye urefu wa mita 2, akaifinya kati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima hariri, akacheka bila ya dharau. Aliniuliza kama nimewahi kukaa nyumba iliyo mwisho wa bomba. Nimewahi. Wa mwanzo wanapooga, wa mwisho huangalia mfereji ukitoa matone.

Ndivyo ilivyo kwa waya. Iliyo nyembamba hutoza umeme ushuru njiani, na ushuru huo huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka. Wapiganaji wakisimama, kikompyuta huvuta kidogo na hasara ni ndogo. Wakikabana, huvuta zaidi, na hasara huzidi wakati ule ule wa haja. Feni yangu nayo, ambayo niliileta kama tabibu, ilikuwa ikinywa katika bomba lile lile. Simu haioni dhara ya waya kama hiyo, kwa kuwa ina betri, nayo hujazwa pole pole tu. Kikompyuta hakina akiba. Hula kinachofika kwa dakika ile. Nilinunua chaja ya volti 5.1 na ampea 2.5, inayopendekezwa kwa kifaa hicho, yenye waya fupi na nene, na feni nikaipa chaja ya peke yake. Gharama ya vyote haikufika nusu ya bei ya ile kadi ya kumbukumbu. Radi haikutokea tena. Hesabu ilisimama 60 jioni nzima.

Kabla sijaendelea na habari za kaka, sina budi kusimulia upuuzi wangu mmoja, kwa kuwa unahusu kazi yetu sisi wasomi. Mwanangu mwenye umri wa miaka kumi na miwili alipata katika sanduku mchezo wa Metal Slug 2, wa kampuni ya SNK, wa mwaka 1998, na siku ya pili akanijia na habari kwamba mtambo umekuwa mzito tena. Nilitazama: kweli, maadui walipojaa kioo, kila kitu kilikwenda kama asali. Kwa jioni mbili nilipima umeme, nilipima joto, nilibadilisha matoleo. Kumbe mchezo huo ulizaliwa hivyo. Katika mtambo wake wa asili ulikuwa mzito, na mwaka 1999 kampuni yenyewe ilitoa Metal Slug X, ambao ni mchezo huo uliofanyiwa marekebisho mengi, pamoja na kupunguziwa uzito huo. Mwigaji wangu alikuwa akiiga sawasawa, nami nilikuwa nikimwadhibu kwa uaminifu wake.

Upo mfano mkubwa zaidi. Katika Space Invaders, mchezo wa mwaka 1978 alioubuni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, jeshi la maadui hushuka pole pole mwanzoni, na kadiri mchezaji anavyowaua, waliobaki huenda mbio zaidi, mpaka wa mwisho hukimbia kama mwizi. Hofu hiyo, ambayo ndiyo utamu wa mchezo, haikupangwa tangu awali. Prosesa ya wakati ule ilielemewa na wingi wa maadui. Walipopungua ikapata nafasi, ikaenda haraka. Nishikado aliliona jambo hilo akaliacha. Mtu akija leo na kompyuta yenye nguvu akauondoa udhaifu ule, atakuwa ameuua mchezo kwa kuutibu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilinakili miswada ya tenzi kutoka hati za Kiarabu, na kila nilipokuta kipande chenye mizani saba badala ya nane, mkono wangu uliwasha kutia silabi iliyopungua. Mara nyingine nilikuwa na haki, kwani kalamu ya mnakili ilikuwa imeruka. Mara nyingine neno lilitamkwa kwa namna isiyo yangu, na mizani zilikuwa nane kamili kinywani mwa mtunzi. Mwalimu wangu alikuwa akinirudishia kurasa na swali moja kwa kalamu nyekundu: nani kachoka hapa, yeye au wewe? Sikulielewa swali lile vizuri hata jioni ile ya Metal Slug.

Sasa nirudi kwa kaka. Mtambo ulipopata umeme wake, alikaa mbele yake, akasikiliza muziki wa mwanzo kabla ya kugusa kitu chochote, akatikisa kichwa kukubali. "Huu ndio," alisema. Kisha akacheza na mwanangu, akapigwa raundi mbili kwa mfululizo.

Hili sikuwa nimelitazamia, ingawa lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mtambo mzito ulikuwa ukimngoja. Mkono wake ulipochelewa, dunia ya mchezo nayo ilichelewa, na kati ya uchelewaji wa aina mbili alipata nafasi ya kupumua. Nilikuwa nimefanya kazi ya miezi miwili ili kumnyang'anya nafasi hiyo. Jioni ya pili alipigwa tena, na ya tatu, na ya nne. Mwanangu, ambaye hakulelewa vibaya, alianza kuona haya; alinijia jikoni akaniuliza kama ni adabu kumshinda baba mkubwa kila siku. Nilimwambia acheze kama kawaida. Mimi mwenyewe sikuwa na uthabiti niliomtaka mtoto awe nao.

Ile waya nyembamba sikuitupa. Ijumaa moja, baada ya magharibi, kaka akiwa bado msikitini, nilifungua mlango wa nyuma wa sanduku, nikairudisha, na feni nikaiunga nayo kama zamani. Fremu ilikuwa imekwisha kurudishwa mahali pake, kwa hiyo radi isingeonekana. Walicheza. Kaka alishinda raundi ya kwanza. Ya pili akashindwa kwa shida, ya tatu akaichukua. Mwanangu akasema, "Baba, mtambo umekuwa mzito tena," nami nikamwambia aende akale.

Tulibaki wawili. Kaka hakugeuka. Mkono wa kulia ulikuwa umetulia juu ya vitufe, na wa kushoto ulikuwa bado umeshika wenzo, umeshika barabara, jambo nililoliona na kulifurahia hata katika fadhaa yangu.

"Zamani," alisema, "nilipokuachia raundi ya kwanza, ulikuwa ukijua?"

"Sikujua, kaka."

"Basi ilikufaa." Akanyamaza kidogo. "Mimi nimejua tangu muziki ulipoanza. Waya nzuri iko wapi?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Nilipiga magoti nyuma ya sanduku, naye akaja akasimama juu yangu na tochi. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Mwanga ulitikisika, ukaenda ukutani, ukarudi, ukatulia pale nilipohitaji kuona. Nilipomaliza alirudi kitini, akamwita mwanangu aje na mikono yake yenye wali, na akapigwa raundi mbili. Alicheka, akasema kijana ana teke moja tu analolijua na kwamba dawa yake ameanza kuiona, kisha akaniagiza niongeze sauti, akaanza pambano jingine.